Fundi wa Makufuli Hurudi kwa Nini?

Walimu, kabla hatujaanza, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya matatu: FUMBO, UFUNGUO, SASISHO. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayaache palepale. Tutakutana nayo njiani.

Somo la leo limetokana na swali la mama mmoja wa darasa la Mkonze, Dodoma. Mwanawe anafanya kazi mjini, katika ofisi inayotunza kompyuta kubwa. Mama anasema hivi: “Juzi kijana wangu alirudi usiku wa manane. Nikamwuliza alikuwa wapi, akasema kazini, walikuwa wakiweka sasisho la usalama. Na mwezi uliopita ilikuwa hivyo hivyo. Je, fundi aliyezitengeneza mashine hizo ni fundi wa namna gani, asiyemaliza kazi yake?”

Swali hili ni zuri, na lina ukali ndani yake. Fundi wa meza akirudi kila mwezi kupigilia misumari, hatutamwita fundi. Lakini wenyeji wa Mkonze wanaijua nyumba ya tembe. Wazee walipomaliza kujenga tembe hawakusema, “Tumemaliza kabisa.” Kila mwaka kabla ya mvua mtu alipanda darini, akatazama pale udongo ulipopasuka, akaukandika upya. Hakuna aliyesema kwamba mjenzi alikuwa mvivu. Mvua ndiyo iliyowafundisha.

Sasa, kompyuta zina mvua gani? Ili tulijibu swali hilo yatupasa kurudi nyuma sana, kwa maana makufuli tunayoyasema leo si ya chuma. Ni makufuli ya maandishi.

Tangu zamani watu wamekuwa na maneno wasiyotaka yasomwe na kila mtu. Julius Caesar, mkuu wa majeshi wa Roma, aliyeuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, aliandika barua za siri kwa njia nyepesi: kila herufi aliisogeza mbele hatua tatu. Jaribuni ubaoni. Chukueni neno MAJI. Badala ya M, hesabuni N, O, P, andikeni P. Badala ya A, andikeni D. Badala ya J ni M, na badala ya I ni L. Mmepata PDML. Mtu akiokota karatasi hiyo njiani ataona upuuzi mtupu, lakini rafiki anayeujua ufunguo, yaani “tatu”, atarudi nyuma hatua tatu kwa kila herufi na kusoma MAJI. Huo ndio mwanzo wa kazi hii yote. Maandishi yaliyofichwa tutayaita FUMBO, na siri ya kuyafungulia ndiyo UFUNGUO. Wataalamu wa siku hizi husema “kusimba”, lakini leo neno fumbo latutosha.

Fumbo la Caesar ni jepesi mno. Mtoto wa shule akipewa saa moja na penseli atalifungua. Kwa hiyo watu wakatunga mafumbo magumu zaidi, na wengine wakakaa kuyafumbua, na mashindano hayo hayajaisha hata leo.

Sura moja ya mashindano hayo ilitokea karibu nasi, Mombasa, na watu wengi wa Afrika Mashariki hawakupata kuisikia. Ilikuwa mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Aprili mwaka huo ndege za Wajapani ziliushambulia mji wa Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni nchi ya Sri Lanka. Waingereza wakaziondoa huko meli zao nyingi za vita na kuzileta bandari ya Kilindini. Pamoja nazo wakaja watu wasiobeba bunduki. Kazi yao ilikuwa kusikiliza redio za Wajapani na kuyafumbua mafumbo yao. Wakapewa majengo ya Shule ya Allidina Visram, pale Mombasa, wakaingia na karatasi zao.

Meli za mizigo za Wajapani zilikuwa na fumbo lao ambalo Waingereza waliliita JN-40. Lilikuwa gumu, na kwa muda mrefu hata aina yake haikujulikana. Mwezi wa Septemba, 1942, mpiga simu mmoja wa Kijapani alituma taarifa ya meli akasahau kutaja mahali meli ilipo. Sheria ilimtaka atume sehemu iliyosahauliwa peke yake, katika ujumbe mwingine. Yeye akaiandika taarifa yote upya, akaongeza yale aliyoyasahau, akaifunga kwa ufunguo uleule, akaituma mara ya pili. Basi pale Kilindini wakawa na karatasi mbili karibu sawa, zilizofungwa kwa ufunguo mmoja. John MacInnes na Brian Townend waliziweka pamoja, wakalinganisha, wakaona jinsi fumbo lilivyojengwa. Kufika Novemba waliweza kusoma ujumbe wa JN-40 mara ulipofika.

Tazameni vizuri jambo hili. Kilichowaponza Wajapani si kufuli lililokuwa bovu kama la Caesar. Lilikuwa imara, likaponzwa na haraka ya mtu mmoja mchovu. Na jambo la pili ni zito kuliko la kwanza: aliyeuona ufa hakusema. Waingereza walinyamaza kimya. Wajapani nao waliendelea kulitumia fumbo lao, wakiamini kwamba mlango wao umefungwa, na meli zao zikawa zinafuatwa baharini.

Vita hivyo vya baharini vilitugusa sisi wenyewe. Mwezi wa Februari, 1944, meli ya abiria Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa mabaharia na askari wa siku hizo, kujua adui yuko wapi lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Basi tuiache Mombasa, tuje kwenye kompyuta.

Taabu kubwa ya mafumbo ya zamani ilikuwa kupelekeana ufunguo. Ukitaka kumwandikia mtu wa mbali kwa siri, lazima kwanza umfikishie ufunguo, na ukimpa tarishi, tarishi aweza kuuiba. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza njia mpya ya kuiondoa taabu hiyo. Mwaka uliofuata wataalamu watatu wa chuo kimoja cha Marekani wakatunga namna nyingine, ambayo twaweza kuieleza hivi. Fikirini mtu mwenye duka anayegawa makufuli yake yakiwa wazi. Yeyote akitaka kumpelekea kitu cha siri hukitia sandukuni, hulibana kufuli, basi. Kubana aweza kila mtu. Kufungua aweza mwenye duka peke yake, kwa kuwa ufunguo haukutoka mfukoni mwake. Makufuli hayo si chuma, ni hesabu. Lakini kwa hesabu hizo mtu wa Dodoma aweza kuzungumza na benki ya Dar es Salaam, wala hawajaonana.

Hesabu hizo ni ngumu, na kukosea ni rahisi. Kwa hiyo si vema kila mtengeneza programu azitunge upya nyumbani kwake. Mwaka 1998 watu wachache walikusanya kazi ya Waaustralia wawili, Eric Young na Tim Hudson, wakaanzisha karakana ya makufuli iitwayo OpenSSL. Walimpa kila mtu bure. Mafundi huliita fungu la programu kama hilo “maktaba”, kwa sababu programu nyingine huliendea kuazima kazi, kama sisi tuendavyo maktaba kuazima kitabu. Programu ya benki huazima kufuli humo, na ya hospitali, na ya barua, na ya kodi. Karakana moja, milango maelfu kwa maelfu.

Mtaona faida yake mara moja. Mtaona na hatari yake pia.

Usiku wa kuamkia mwaka 2012 katika karakana hiyo iliingizwa sehemu mpya iliyoandikwa na kijana mmoja wa Ujerumani. Sehemu hiyo ilikuwa na kazi ndogo, iitwayo mapigo ya moyo: kompyuta moja huuliza nyingine, “Bado upo?” na ile nyingine hujibu kwa kulirudisha neno lilelile ililopelekewa. Fundi mwingine aliikagua, wala hakuona kosa. Mwezi wa Machi, 2012, ikatolewa kwa watu wote katika toleo namba 1.0.1.

Kosa lenyewe nitalieleza kwa mfano wa mashine ya kusaga. Umekwenda mashineni na debe moja la mtama. Mwenye mashine akuuliza, “Madebe mangapi?” Wewe, kwa hila, wajibu, “Sitini.” Yeye hatazami chombo chako, aandika sitini, asaga, kisha akupimia unga wa madebe sitini: moja lako, na hamsini na tisa ya majirani waliotangulia. Ndivyo ilivyokuwa. Mwizi alituma neno fupi, akasema, “Neno langu lina herufi elfu sitini na zaidi, nirudishie.” Kompyuta haikuhesabu. Ilirudisha neno lile pamoja na chochote kilichokuwa karibu nalo katika kumbukumbu yake: majina, maneno ya siri, na wakati mwingine hata ule ufunguo ambao haupaswi kutoka mfukoni.

Lakini mfano wangu una kasoro, na ni lazima niiseme. Mashineni, jirani aliyeibiwa ataona unga wake umepungua. Hapa hakuna kilichopungua. Mwizi aliondoka na nakala, mwenye mali akakuta mali yake kamili, na kwa kawaida daftari la kompyuta halikuandika kwamba mtu alifika. Miaka miwili ikapita hivyo.

Walioligundua kosa hilo ni mtaalamu wa kampuni ya Google, na kando yake mafundi wa kampuni ya Codenomicon ya Ufini, kila upande kwa kazi yake. Tarehe 7 Aprili, 1974... la, samahani, tarehe 7 Aprili, 2014, siku ya Jumatatu, habari ilitangazwa kwa dunia nzima, na kipande cha kuzibia kikatolewa siku ileile. Ufa huo ukapewa jina Heartbleed, maana yake moyo unaovuja damu. Wakati huo ulikadiriwa kuzigusa seva nusu milioni hivi. Seva ni zile kompyuta kubwa zinazowahudumia watu wengi kwa mara moja.

Hapa linganisheni na Kilindini. Kule aliyeuona ufa alinyamaza, na mwenye nyumba hakupata kujua. Hapa aliyeuona alipiga mbiu. Kipande kile cha kuzibia, pamoja na mbiu yake, ndicho kiitwacho SASISHO la usalama. Mama wa Mkonze, fundi akirudi na sasisho, ni mtu aliyepanda darini akauona ufa kabla ya mvua, akashuka kuwaambia.

Ila mbiu ina sumu yake. Ikipigwa, mwizi pia husikia. Tangu saa ile ni mbio: nani atafika kwanza mlangoni, fundi au mwizi? Kanada waliionja. Ofisi ya kodi ya nchi ile ilifunga huduma zake za mtandao mara ilipopata habari, lakini katika muda wa saa sita tu mtu alikwisha kuingia na kuchukua namba za utambulisho za watu 900 hivi. Saa sita! Miaka miwili ufa ulikuwapo, na wizi huo ulifanyika baada ya mbiu kupigwa, kabla mlango haujazibwa.

Baada ya mambo hayo watu waliuliza ni nani hasa aliyekuwa akilitunza kufuli la dunia. Ikaonekana kwamba OpenSSL ilikuwa na mtu mmoja tu wa kazi ya kutwa, na michango iliyopewa kwa kawaida ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yakiazima bure, wala hayakukumbuka kumletea fundi hata maji ya kunywa. Mwezi uleule wa Aprili makampuni kadhaa yalianza kuchanga fedha kupitia shirika la Linux Foundation. Mimi sioni kwamba aibu ile ilikuwa ya kijana wa Kijerumani. Yeye alikosea kama mpiga simu wa Kijapani alivyokosea. Aibu ilikuwa ya waliopita mlangoni kila siku bila kutazama dari.

Sasa tuingie ofisini kwa kijana wetu. Kompyuta kubwa za ofisi huendeshwa na mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayozitawala nyingine zote. Kwa maofisi na mabenki kuna mifumo iliyotengenezwa idumu miaka mingi bila kubadilika ovyo. Mmoja unaojulikana sana ni ule wa kampuni ya Red Hat ya Marekani. Ofisi haitaki kuamka asubuhi ikute kila kitu kimehama mahali pake. Kwa hiyo, habari ya Heartbleed ilipotoka, Red Hat haikuwaletea wateja wake kufuli jipya lote. Ilichukua kile kipande cha kuzibia tu, ikakishonea katika toleo lililokuwa tayari ofisini. Tembe haikuvunjwa, ilikandikwa pale penye ufa.

Hapo pana funzo kwa sisi tunaojifunza kusoma. Toleo lililokuwa na ufa katika mfumo wao wa 6.5 liliitwa 1.0.1e. Lililozibwa liliitwa pia 1.0.1e, ila mkiani mwa jina zilibadilika tarakimu. Msimamizi aliyesoma mwanzo wa mstari tu alidhani hajazibiwa, au alidhani amezibiwa kumbe bado. Ilimpasa asome mpaka mwisho wa mstari.

Waliokuwa na mfumo wa zamani zaidi, ule wa 5, hawakuguswa na Heartbleed, kwa maana kufuli lao lilikuwa la kale, halikuwa na yale mapigo ya moyo. Basi wengine wakajisifu: “Mnaona? Ukuukuu dawa!” Majivuno yao hayakutimiza miezi miwili. Tarehe 5 Juni, 2014, kulitangazwa ufa mwingine katika OpenSSL, ulioonwa na Mjapani Masashi Kikuchi. Huo ulikuwamo tangu toleo la kwanza la mwaka 1998, na mfumo wa zamani nao ukahitaji kukandikwa. Miaka 15 na zaidi ulikuwa palepale, na watu wakipita chini yake.

Tena kuna jambo ambalo hata mafundi hulisahau. Kuweka sasisho katika mashine hakutoshi. Programu zilizokuwa zikifanya kazi zimekwisha kuazima kufuli la zamani na kulishika mkononi. Zitaendelea nalo mpaka zisimamishwe na kuwashwa upya. Kipande kipya kimo sandukuni, mlangoni bado linaning’inia la zamani. Na kwa Heartbleed hata hilo halikutosha: kwa kuwa funguo zenyewe huenda zilikwisha kunakiliwa, ilibidi zitengenezwe funguo mpya, na watu wabadilishe maneno yao ya siri.

Mnaweza kusema, mambo haya ni ya Kanada na Ufini. Mkonze yatuhusu nini? Tazameni miaka yetu wenyewe. Kutuma fedha kwa simu kwa M-Pesa kulianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Waya mkubwa wa mawasiliano unaopita chini ya bahari, uitwao SEACOM, ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009. Mwaka 2017 Serikali ilianzisha mfumo wake wa kupokea malipo, na tangu hapo tumezoea kupewa ile namba ndefu iitwayo kontroo namba tukilipa ada au ushuru. Ujumbe unaopita kati ya mfumo huo na benki hutiwa sahihi ya hesabu, ili mtu asiubadili njiani. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuleta abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam, na tiketi yake yanunuliwa kwa mtandao. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, makao yake makuu ni Dodoma. Kiko pia kikosi cha taifa cha kupokea na kutoa habari za nyufa na mashambulio ya kompyuta, TZ-CERT, chini ya mamlaka ya mawasiliano. Ofisi gani yatumia kufuli gani, hilo halitangazwi redioni. Lakini mkulima wa zabibu aliyelipwa kwa simu, na mzee anayengoja pensheni, mali yao imelala nyuma ya makufuli ya hesabu.

Na hata mfumo uliotengenezwa udumu una mwisho. Ule wa 7 wa Red Hat ulitoka Juni, 2014, na matunzo yake ya kawaida yakakoma tarehe 30 Juni, 2024. Ndugu yake wa bure, CentOS 7, alikoma siku hiyohiyo. Mashine haikuzimika, iliwaka asubuhi iliyofuata kama kawaida, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kilichokoma ni yule mtu wa kupanda darini.

Mama wa Mkonze, sasa nadhani waona kwa nini mwanao hurudi usiku. Ili kufuli jipya likamate, lazima huduma zisimamishwe kwa dakika kadhaa, na mchana watu wamejaa madirishani na karatasi zao za malipo. Hawezi kungoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa maana mbiu imekwisha kupigwa na mwizi ameisikia. Hungoja watu walale, azime, awashe, ajaribu mlango mmoja mmoja, ndipo aje nyumbani. Ukisikia mwezi ujao pia amechelewa, mfunikie ugali na mlenda wake mekoni.

Walimu, futeni ubao. Kwaherini mpaka somo lijalo.